Posho ya watoto Kanada: malipo yaliyokatika Julai na mtoto wa nne aliyeachwa nje ya fomu

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja kutoka Kivu Kusini, mkimbizi aliyepelekwa Kanada kwa udhamini wa serikali ya nchi hiyo, pamoja na watoto wanne anaoishi nao katika mji mmoja wa jimbo la Ontario. Jina lake, mji na shirika lililomhudumia vimeondolewa, na umri wa watoto umesogezwa kidogo bila kuathiri hesabu. Hapa ataitwa Mama T. Viwango vya malipo ni vya majedwali ya serikali kwa miaka husika, na vyote viko katika dola za Kanada.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya washauri wa wahamiaji, wakalimani, na yeyote katika jumuiya anayeketi na familia kujaza fomu jioni baada ya kazi.

Usuli: posho moja, serikali mbili

Mwaka 1989 Bunge la Kanada lilipitisha kwa kauli moja azimio la kutaka umaskini wa watoto umalizwe kufikia mwaka 2000. Mwaka huo ulipita na umaskini ukabaki. Kilichobadilisha mambo kwa kiasi kikubwa kilikuja baadaye: Julai 2016 serikali ya shirikisho iliziunganisha posho za zamani kuwa moja, Canada Child Benefit, ambayo kila mtu huiita CCB. Haikatwi kodi, hulipwa kila mwezi karibu na tarehe 20, na ukubwa wake hutegemea mapato ya familia. Ilianza na kiwango cha juu cha dola 6,400 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na dola 5,400 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 17. Tangu Julai 2018 viwango hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Kwa kipimo rasmi cha nchi, asilimia 16.3 ya watoto walikuwa katika umaskini mwaka 2015. Mwaka 2020, fedha za dharura za korona zilipoongezwa juu ya CCB, wakawa asilimia 4.7. Fedha hizo zilipoondoka na bei zikapanda, kiwango kilirudi juu: asilimia 9.9 mwaka 2022 na 10.7 mwaka 2023.

Juu ya CCB, majimbo mengi yana posho zao. Ontario ina ya kwake, OCB, iliyoanzishwa 2007. Mtu haiombi peke yake. Ombi la CCB likikubaliwa, mamlaka ya mapato ya shirikisho, CRA, hukokotoa posho ya jimbo pia na kuzipeleka zote mbili benki kwa malipo mamoja. Msaada wa kijamii wa jimbo, Ontario Works, ni mlango mwingine kabisa: sheria ni ya jimbo, lakini anayekuhudumia kaunta ni mfanyakazi wa manispaa. Mkimbizi aliyedhaminiwa na serikali haanzii huko. Mwaka wake wa kwanza hulipwa na mpango wa shirikisho uitwao RAP, kwa kawaida hadi miezi 12.

Kwa hiyo familia mpya hukutana na ofisi ya uhamiaji, CRA, RAP na, mwaka ukiisha, manispaa. Ofisi hizo zote ni za serikali, lakini ukiijulisha moja kwamba umehama, nyingine hazitajua.

Mama T alifika Novemba 2023 akitokea kambi ya mkoani Kigoma. Alikuwa na watoto wake watatu, wa miaka 14, 9 na 4, na binti wa marehemu dada yake, wa miaka 11, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Mume wake alipoteana nao wakati wa kukimbia, akaja kupatikana akiwa kambini magharibi mwa Uganda. Mama T alimtaja kwenye fomu zake zote za uhamiaji. Aliyemtaja mume hivyo ana mwaka mmoja tangu kufika Kanada kuomba aletwe kwa njia ya haraka ya familia za wakimbizi, na Mama T aliomba Februari 2024.

Miezi minane ya kwanza

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ndani ya wiki mbili Mama T alikuwa na namba ya SIN (namba ya utambulisho ya kazi na kodi), akaunti ya benki na kadi ya afya. Mshauri wa makazi alimjazia fomu RC66, ambayo ndiyo ombi la posho, na kiambatisho chake RC66SCH kinachouliza hali ya ukaaji na mapato ya kabla ya kufika. Kwenye kiambatisho hicho aliandika 0 katika kila kisanduku cha mapato. Hilo ni jambo dogo linaloangusha wengi, kwa sababu kisanduku kilichoachwa wazi hakisomwi kama sifuri. Kinasomwa kama swali lisilojibiwa, na ombi husimama.

Mambo mawili yalikosewa siku hiyo. Kwenye hali ya ndoa, mshauri aliweka alama ya “ametengana,” kwa kuwa mume yuko bara jingine na hakuna anayejua atakuja lini. Na kwenye orodha ya watoto aliandika watatu tu. Aliamini mpwa anahitaji kwanza amri ya mahakama ya ulezi, akaamua asicheleweshe ombi la wengine.

Posho ya kwanza iliingia Februari 2024, pamoja na malimbikizo tangu Desemba. Haki huanza kuhesabiwa mwezi unaofuata ule wa kufika, ndiyo maana Novemba haikulipwa. Kwa watoto watatu CCB ilikuwa dola 1,665.58 kwa mwezi na OCB dola 401.75, jumla karibu 2,067. RAP haikupunguzwa hata senti kwa sababu ya fedha hizo. Januari familia ilikuwa imetoka kwenye makazi ya muda na kuingia nyumba ya kupanga. Mama T alizijulisha shule, ofisi ya RAP na benki. Hakuna aliyemwambia kwamba CRA nayo inahitaji kujulishwa.

Aprili alikwenda kwenye kituo cha bure cha kujazia ritani ya kodi (tamko la mapato la kila mwaka), kinachoendeshwa na watu wa kujitolea. Mjazaji alimuuliza kama ameolewa. Akajibu ndiyo, mume yuko Uganda. Mjazaji akaandika “ameolewa,” na alikuwa sahihi. Lakini sasa mfumo wa CRA ulikuwa na majibu mawili kuhusu mtu mmoja: Desemba ametengana, Aprili ameolewa na mume asiye mkazi wa Kanada ambaye mapato yake hayajulikani.

CRA ilituma barua kuuliza. Barua ilikwenda kwenye anwani ya makazi ya muda.

Julai 2024 mwaka mpya wa posho (Julai hadi Juni) ulianza, ukitegemea mapato ya 2023 ya mke na mume. Mapato ya mume hayakuwepo kwenye faili, hivyo hapakuwa na jumla ya familia, na bila jumla hapana ukokotoaji. CCB ikasimama. OCB, kwa kuwa inaning'inia hapo hapo, ikasimama nayo. Mwezi ule Mama T alitarajia dola 2,163.92 kwa viwango vipya. Alipata sifuri. Alidhani benki imechelewa, akakopa kodi ya nyumba kwenye likelemba (kikundi cha kuchangishana fedha kwa zamu) ya wanawake wa kanisani, akangoja Agosti. Alirudi kwa shirika baada ya tarehe 20 Agosti kupita bila kitu.

Kutafuta chanzo

Mshauri mwingine alichukua faili. Simu ya kwanza kwa CRA ilishindikana. Kabla ya kuzungumza, wanamhakiki mpigaji kwa SIN, tarehe ya kuzaliwa na anwani iliyo kwenye faili lao. Mama T alitaja anwani anayoishi, wao walikuwa na ile ya zamani, mazungumzo yakaishia hapo. Siku iliyofuata walipiga tena wakiwa na anwani zote mbili, wakataja ya zamani kwanza na kuomba ibadilishwe papo hapo. Anayehama mara mbili katika mwaka wa kwanza, na wakimbizi wengi huhama zaidi, aandike anwani zake zote mahali pamoja pamoja na tarehe za kuhama.

Simu hiyo ya pili, Mama T akiwepo na kukubali mshauri azungumze, ilitoa jibu kwa dakika chache: faili linangoja taarifa ya mapato ya mume asiye mkazi, na hali ya ndoa inapingana. Mpwa hakutajwa, kwa sababu CRA haikujua kwamba yupo. Aligunduliwa kwa bahati, mshauri alipouliza ni watoto wangapi wanaolala ndani ya nyumba hiyo.

Maamuzi manne na sababu zake

*Hali ya ndoa.* Hapa ndipo palipokuwa na mjadala. Njia ya mkato ilikuwepo: kushikilia “ametengana,” kurekebisha ritani ifanane, na posho ingerudi bila kudai karatasi yoyote kutoka Uganda. Mshauri aliikataa kwa sababu tatu. Kwa CRA, kutengana maana yake ni uhusiano kuvunjika na watu kuishi mbalimbali kwa siku 90 au zaidi. Vita na foleni ya viza havihesabiwi kuwa kuvunjika kwa ndoa. Pili, faili la uhamiaji la Februari lilisema hawa ni mke na mume wanaotaka kuungana. Familia isiwe na habari moja kwa ofisi hii ya shirikisho na habari nyingine kwa ile, hasa wakati mume bado hajapanda ndege. Tatu, uongo huo usingeongeza hata dola moja. Mapato ya mume kambini yalikuwa kidogo mno kusogeza jumla ya familia karibu na kizingiti cha dola 36,502, ambapo posho ya mwaka ule huanza kupungua.

Fomu ya kubadili hali ya ndoa, RC65, ikatumwa na tarehe halisi ya ndoa, pamoja na maelezo mafupi kwamba jibu la Desemba lilikuwa kosa la ujazaji.

*Mapato ya mume.* Mwenza asiye mkazi wa Kanada na asiyejaza ritani huko hutolewa taarifa kwa fomu CTB9, moja kwa kila mwaka. Zilitumwa mbili: ya 2022, kwa sababu mwaka wa posho wa 2023 ulitegemea mapato hayo, na ya 2023. Ya pili haikuwa sifuri. Mume alifyatua na kuuza matofali, akakadiria shilingi 1,800,000 za Uganda kwa mwaka, yaani dola 650 hivi. Mama T alitaka iandikwe 0, kwa kuwa fedha hiyo hakuiona. Mshauri alisisitiza iandikwe 650: kiasi hicho hakipunguzi chochote, na mtu akija kuulizwa alikula nini mwaka mzima, ana jibu. Namna alivyokadiria iliandikwa kwenye karatasi ya pembeni na kuhifadhiwa kwenye faili.

*Mpwa.* Sheria ya CCB haidai amri ya mahakama. Inauliza kama mtoto anaishi na mwombaji na kama mwombaji ndiye anayebeba jukumu kuu la malezi: kumvisha, kumlisha, kumpeleka hospitali, kufuatilia shule. RC66 mpya ilijazwa kwa ajili yake, ikiambatana na barua ya shule inayomtaja Mama T kama mlezi, barua ya kliniki ya familia, mkataba wa nyumba wenye jina la mtoto, na hati za ukaaji wa kudumu za wote wawili zinazoonyesha waliingia nchini siku moja.

Jina lake lilikuwa na herufi tofauti kwenye kadi ya mgao ya kambini. Kadi hiyo iliachwa nje ya bahasha kwa makusudi. Jina linaloandikwa Kanada ni lile la hati ya ukaaji, hata kama limekosewa, mpaka likarekebishwe na uhamiaji kwenyewe. Ni hivyo hivyo kwa tarehe za kuzaliwa za “1 Januari” ambazo wakimbizi wengi hupewa kambini. Anayejaribu kuinyoosha kwenye fomu ya posho huishia na watu wawili ndani ya kompyuta.

*Haraka.* Mtu akiomba posho ya miezi iliyopita zaidi ya 11, CRA hudai rundo la ushahidi kwa kipindi chote. Kwa mpwa mwezi wa kwanza ulikuwa Desemba 2023, hivyo nafasi ya kupita mlango mwepesi ilikuwa inafungwa mwisho wa Novemba 2024. Bahasha ilipelekwa wiki ya kwanza ya Septemba, kwa posta yenye risiti ya ufuatiliaji. Ombi lililotumwa kwa barua huweza kuchukua hadi wiki 11 kushughulikiwa na CRA.

Kulikuwa na jambo la tano ambalo halikufanyika kwa kuwa halikuwezekana. Ontario Works hulipa posho ya mpito, hadi dola 230 kwa mtoto kwa mwezi, kwa familia ambayo haipokei CCB na OCB. Ndiyo hasa iliyohitajika Julai na Agosti. Lakini Mama T alikuwa bado kwenye RAP, fedha ya shirikisho, na hiyo ni posho ya jimbo kwa watu wa jimbo. Posho hii ya mpito imeelekezwa kwa wapokeaji wa msaada wa kijamii wa jimbo tu. Aliye kwenye mwaka wake wa kwanza, mwenye karatasi changa kuliko wote, yuko nje yake.

Matokeo

Malipo ya watoto watatu yalirudi Oktoba 2024, na malimbikizo ya Julai hadi Oktoba yakaingia kwa pamoja: dola 8,655. Taarifa ya ukokotoaji upya ya mwaka wa posho uliotangulia ilifika ikionyesha hakuna deni wala nyongeza, kama ilivyotabiriwa.

Mpwa alikubaliwa Desemba. Miezi saba ya kwanza ilihesabiwa kwa viwango vya zamani, dola 656.83 kwa mwezi CCB na OCB pamoja, na sita iliyofuata kwa dola 687.50. Jumla ilikuwa karibu dola 8,723. Kuanzia hapo familia ilipokea dola 2,851 kwa mwezi kwa watoto wanne. RAP ilikuwa imekwisha mwezi mmoja kabla na Mama T ameingia Ontario Works, ambayo haihesabu CCB kama mapato. Malimbikizo hayo yangeweza kuonekana kama utajiri wa ghafla kwenye akaunti, kwa hiyo mshauri aliambatanisha taarifa ya CRA kwenye faili la manispaa kabla ya kuulizwa.

Mume alifika Aprili 2025. Safari hii karatasi zilitangulia: RC65 haikuhitajika kwa kuwa ndoa ilikuwa imeshaandikwa, ila RC66SCH ilijazwa kwa jina lake, yenye tarehe ya kuingia na mapato ya kabla. Anayepokea posho hakubadilika. Mama anapoishi nyumba moja na baba, kanuni humchukulia mama kuwa mlezi mkuu.

Uchambuzi

*Kilichofanya kazi.* Kwanza ni ukarimu wenyewe wa posho, na tusiupite haraka. Kwa familia isiyo na mshahara, dola 2,851 kwa mwezi zisizokatwa kodi wala kupunguziwa msaada wa kijamii ni kodi ya nyumba na chakula. Fedha inafuata watoto, haidai mzazi athibitishe anatafuta kazi, na inafika benki bila mtu kupanga foleni. Haikuwa hivyo siku zote. Posho ya shirikisho ilipoongezwa mwaka 1998, majimbo mengi yalikata kiasi hicho hicho kwenye msaada wa kijamii, kwa hiyo familia maskini kuliko zote hazikuona tofauti. Manitoba ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2005 hadi 2019 ililazimisha mashirika ya ustawi wa watoto kukabidhi kwa jimbo posho maalumu ya shirikisho ya watoto walio chini ya uangalizi, wengi wao wa jamii za wenyeji asilia, na ilichukua hukumu ya mahakama mwaka 2022 kusema wazi kwamba halikuwa halali. Kwamba CCB leo haiguswi na msaada wa kijamii ni makubaliano ya kisiasa kati ya ngazi mbili za serikali, na mshauri anayejua hilo atasoma kwa makini kila mabadiliko ya bajeti ya jimbo lake.

*Bomba moja.* Ontario kuitundika OCB kwenye CCB ni uamuzi mzuri siku nzuri. Mama T hakujaza fomu hata moja ya jimbo. Manitoba, kwa kulinganisha, ina posho ndogo ya watoto ambayo huombwa kando, na familia zinazoihitaji zaidi ndizo zisizoijua. Lakini bomba moja likiziba, maji yote hukatika. Swali dogo la shirikisho kuhusu mume aliyeko Uganda lilisimamisha pia dola 420 za jimbo ambazo jimbo lenyewe halikuwa na swali nazo. Na hakuna ofisi ya Ontario ambayo Mama T angeweza kwenda kulalamika, kwa sababu mkokotoaji ni CRA.

*Kodi kama mlango wa ustawi.* Mfumo mzima unadhani kila mzazi ni mlipa kodi anayesoma barua zake. Mwenye mshahara hujaza ritani kwa sababu analazimika au anataka kurudishiwa. Asiye na kipato hana sababu hiyo, na ndiye posho imekusudiwa kumfikia. Wote wawili, mke na mume, hulazimika kujaza kila mwaka kufikia 30 Aprili hata kama mapato ni sifuri, na mmoja akikosa, Julai malipo husimama kwa familia nzima. Ndiyo maana simu nyingi za “posho imekatika” hupigwa mwisho wa Julai. Kwenye kisa hiki ritani ilijazwa kwa wakati na kwa usahihi, na bado ikavuruga, kwa kuwa kosa la Desemba lilikuwa linaingoja.

*Kosa la mshauri wa kwanza.* Yote mawili yalitokana na nia njema na kubahatisha. La ndoa lilikuwa na madhara ya haraka; la mpwa lilikuwa kubwa zaidi kwa fedha na lingeweza kudumu miaka bila mtu kujua, maana mtoto asiyeombewa hazalishi barua wala onyo. Familia za Maziwa Makuu hulea watoto wa ndugu kama jambo la kawaida, na mzazi akiulizwa “una watoto wangapi” na mtu wa ofisi, mara nyingi hutaja aliowazaa. Kuuliza nani analala ndani ya nyumba, na nani humpeleka hospitali akiugua, kunaleta jibu jingine. Malimbikizo ya hadi miaka 10 huweza kuombwa, lakini baada ya mwezi wa 11 mzigo wa ushahidi hupanda kiasi kwamba wengi hukata tamaa.

*Kilichobaki kibovu.* Barua kwenda anwani ya zamani si uzembe wa mama. Makazi ya muda yanaendeshwa kwa fedha ya shirikisho, tarehe ya kuhama inajulikana kwa ofisi ya RAP, na bado hakuna kinachoipeleka CRA. Mpaka hilo litengenezwe, tarehe ya kuhama iwe ndiyo siku ya kupiga simu, mizigo ikiwa bado kwenye maboksi.

*Mshahara unaokuja.* Mume alipata kazi ghalani miezi michache baada ya kufika, na hapa familia nyingi hushtuka, kwa sababu posho hupungua mwaka mmoja nyuma ya mshahara. Mapato ya 2025 yanaanza kuonekana kwenye malipo ya Julai 2026. Mshauri aliwafanyia makadirio kwa jedwali la Julai 2025, mdogo wao akiwa ameshatimiza miaka 6, jambo ambalo peke yake linashusha malipo dola 104 kwa mwezi kuanzia mwezi unaofuata siku ya kuzaliwa. Kiwango cha juu kwa watoto wanne ni dola 26,992 kwa mwaka. Tuseme mapato halisi ya wote wawili ni dola 48,000. Yanazidi kizingiti cha dola 37,487 kwa dola 10,513. Kwa familia yenye watoto wanne au zaidi kiwango cha kupunguza katika ngazi hiyo ni asilimia 23, kwa hiyo CCB inashuka dola 2,418 kwa mwaka. OCB nayo ina kizingiti chake, dola 26,364, na inapunguza asilimia 8 ya kinachozidi: dola 1,731. Jumla ya malipo ya mwezi inatoka dola 2,825 hadi karibu 2,479.

Juu ya vizingiti vyote viwili, kila dola 100 za ziada anazopata baba zinaondoa dola 31 kwenye posho, kabla ya kodi na makato ya kazini. Shirikisho lilipanga 23 yake, jimbo likapanga 8 yake, na zinakutana kwenye akaunti ya familia moja. Anayeamua kama achukue zamu ya Jumamosi anastahili kuiona hesabu hiyo mapema. Bado inalipa kufanya kazi, ila si kwa kiasi kinachoandikwa kwenye stabu ya mshahara, na tofauti hiyo haitajionyesha hadi Julai ya mwaka unaofuata, zamu zenyewe zikiwa zimeshasahaulika.

Kwa faili hili vimebaki vitu viwili vya kufuatilia. Ritani ya kwanza ya mume ijazwe kabla ya 30 Aprili 2026, ikiwa na tarehe yake ya kuingia na mapato ya Januari hadi Aprili 2025 ya Uganda kwa dola za Kanada. Na mkubwa wao akitimiza miaka 18 sehemu yake itaondoka yenyewe. Hakuna fomu ya kujaza, ila bajeti ya nyumba ipangwe upya kabla ya mwezi huo.